Kitabu kimoja, watu wawili

"Umepotea sana." "Nipo, ni mambo tu." "Basi tutafutane."

Maneno haya yakishapita baina ya marafiki wawili mara tatu nne mfululizo, ujue urafiki umeanza kukauka, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Hakuna ugomvi wa kusuluhisha wala deni la kulipa. Kinachokosekana ni jambo la kuzungumza, ukiacha watoto, kazi na afya, ambavyo vyote hujibiwa "salama tu", kisha simu inaanza kutafuta pa kuishia. Waliokuwa wakikaa hadi usiku wa manane wakibishana sasa wanapeana ripoti.

Njia moja inayofanya kazi vizuri hapa, na isiyohitaji safari wala sherehe, ni wawili hao kusoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja na kuwa na siku moja ya wiki ya kukizungumzia. Wawili tu. Klabu ya vitabu ni kitu kingine: ina mwenyekiti, ina kundi la ujumbe lenye watu arobaini, na wanaosoma ni sita. Hesabu yenyewe inaonyesha tatizo. Watu wawili wana uhusiano mmoja wa kuutunza, watatu wana mitatu, watano wana kumi. Ratiba za watu watano kukubaliana kila wiki ni muujiza, na mmoja wao lazima ageuke kuwa mkumbushaji. Mkumbushaji huchoka kwanza.

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu saa ambazo watu hutumia pamoja kabla ya kuitana marafiki. Alikadiria kama saa 50 kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, kama 90 kufikia urafiki wenyewe, na zaidi ya 200 kufikia urafiki wa karibu. Sasa chukua mazungumzo ya dakika 45 kila wiki: kwa mwaka mzima yanafika saa 39. Kwa watu wasiojuana hiyo haitoshi hata hatua ya kwanza, ndiyo maana njia hii haifai sana kwa kutafuta rafiki mpya mtandaoni. Inafaa kwa wale ambao saa 200 zao zilishalipwa zamani, shuleni au mtaani, na sasa wanachohitaji ni kuutia maji mti uliokwisha kushika mizizi.

Kuhusu kuchagua kitabu, usimpe mwenzako kitabu unachokipenda kuliko vyote duniani. Hapo humwaliki kusoma, unampeleka kwenye mtihani, na akisema hakikumvutia utaumia. Chagueni ambacho hakuna kati yenu aliyekisoma. Kiwe na kurasa zisizozidi 250 kwa mara ya kwanza, kiwe na sura fupi, na kiwe na watu ndani yake. Riwaya, wasifu na kumbukumbu za maisha zinafaa, kwa sababu ukizungumza juu ya mtu wa kitabuni unaweza kusema jambo lako bila kulitaja. Vitabu vya ushauri wa mafanikio huchosha wasomaji wawili: kila mazungumzo yanaishia "ni kweli kabisa", na ukweli uliokubaliwa na wote hauna cha kujadiliwa.

Kuna swali moja la kuuliza kabla ya kununua au kuazima: "Kuna jambo usingependa kulisoma kwa sasa?" Mtu aliyefiwa miezi mitatu iliyopita, au anayeuguza, au ndoa yake inayumba, anaweza kukubali kitabu kwa heshima kisha akakiacha kimya kimya ukurasa wa thelathini. Wewe utadhani amekupuuza. Muulize waziwazi, na jibu likiwa "sitaki habari za hospitali", usidai maelezo.

Halafu pimeni mwendo. Watu wengi hukadiria vibaya, na makadirio mabaya ndiyo huua mpango wiki ya pili. Mwaka 2019 mtafiti Marc Brysbaert alikusanya tafiti nyingi za usomaji akapata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa mtu mzima anayesoma kimya maandishi yasiyo ya kubuni, kwa Kiingereza. Hesabu hiyo usiichukue hivihivi ukaipeleka kwenye Kiswahili. "Hatutawasahau" kwetu ni neno moja lenye kiima, wakati, ukanushi, watendwa na kitendo, na wenzetu wanahitaji maneno manne kulisema. Jipime mwenyewe: fungua kitabu katikati, si mwanzoni ambako bado unazoea majina ya watu, soma kurasa tano kwa mwendo wako wa kawaida huku saa ikihesabu, kisha gawanya. Ukitumia dakika 12, ukurasa mmoja unakula dakika 2 na sekunde 24. Kurasa 40 ni dakika 96, yaani vikao vinne vya dakika 24. Wiki ina siku saba, kwa hiyo tatu zimebaki za dharura, na dharura huja.

Mwendo wa wote wawili uwe wa yule aliye polepole, na hilo lisisemwe kama hisani. Mwenye kasi asome kitabu kingine pembeni. Akitangulia katika hiki cha pamoja, atakuwa anazungumza huku anajua mwisho, na mwenzake atalisikia kwenye sauti hata kama hakuna lililofichuliwa. Kurasa 40 kwa wiki zinamaliza kitabu cha 240 kwa wiki sita. Hata kurasa 25 si aibu. Kurasa 80 ni ahadi ya mtu aliye likizoni.

Hapa kuna tatizo dogo ambalo halionekani hadi limetokea. Matoleo mawili ya kitabu kimoja hayalingani kurasa, na nakala laini kwenye simu hubadilisha kurasa kila unapokuza herufi. Mkisema "tuishie ukurasa wa 80" mmoja ataishia kabla ya kifo cha mhusika na mwingine baada yake, kisha mazungumzo ya kwanza yanaharibika. Kubalianeni kwa sura, na pale sura inapokuwa ndefu kupita kiasi, mmoja apige picha aya ya mwisho au ataje maneno manne ya kwanza ya aya inayofuata. Anayesikiliza kitabu kilichorekodiwa naye ataweza kwenda sambamba, maana sura hazibadiliki. Asisikilize tu kwa kasi iliyoongezwa, akafika kwenye mazungumzo na fununu za hadithi badala ya hadithi.

Simu isiwe karibu wakati wa kusoma. Hili limesemwa hadi limechakaa, lakini kosa huwa mahali pengine: watu huiweka simu kifudifudi mezani, na mkono unaijua njia. Iwekwe chumba kingine, na dakika 24 zihesabiwe na saa ya mezani yenye kengele. Kama kitabu chenyewe kimo ndani ya simu, washa hali ya ndege na ongeza ukubwa wa herufi hadi mstari mmoja uwe na maneno kama saba au nane. Mistari mirefu hulifanya jicho lipotee linaporudi kushoto, ukajikuta unausoma mstari uleule mara mbili ukidhani ni uchovu. Taa ikae nyuma ya bega lisilo la mkono unaoandikia, la sivyo kivuli cha kiganja chako kitafunika neno unalolinukuu.

Daftari, na mtego wa herufi U

Kuandika si lazima, ila asiyeandika huja kwenye mazungumzo na hisia bila ushahidi. "Kuna mahali pale… alisema kitu kizuri sana… ngoja." Daftari la ukubwa wa A5 linatosha, yaani milimita 148 kwa 210, lenye mistari ya milimita 7. Karatasi nyembamba hupitisha wino upande wa pili, kwa hiyo kama daftari lako ni la bei nafuu, tumia kalamu ya kawaida ya kibonye badala ya ile yenye wino wa maji. Ukurasa wa kulia andika yako: namba ya ukurasa wa kitabu pembeni, nukuu fupi, na sentensi moja ya kwa nini umesimama hapo. Hiyo sentensi ya "kwa nini" ndiyo yenye thamani. Nukuu bila sababu, baada ya mwezi, inakutazama kama picha ya mtu usiyemkumbuka. Ukurasa wa kushoto uache wazi kwa maneno ya mwenzako siku ya mazungumzo.

Daftari likijaa linageuka msitu, na hapo faharasa inahitajika. Mwanafalsafa John Locke alibuni njia iliyochapishwa kwa Kifaransa miaka ya 1680 na kwa Kiingereza mwaka 1706: kila mada inawekwa kwenye chumba, yaani kisanduku cha jedwali, cha herufi yake ya kwanza pamoja na irabu ya kwanza inayofuata. Subira inaingia S-u. Heshima inaingia H-e. Kwenye chumba huandiki mada, unaandika namba za kurasa za daftari tu. Kiswahili kina irabu tano kamili, na alfabeti yetu, tukiihesabu CH kama herufi moja na kuziacha Q na X, ina herufi 24. Vyumba 120, basi, na vyote vinaenea kwenye ukurasa mmoja wa A5: mistari 24 ya milimita 7 ni milimita 168 kwenda chini, juu inabaki nafasi ya kichwa. Kwa upana, acha milimita 8 za kuandika herufi, zinabaki 140, gawanya kwa tano, kila chumba kinapata milimita 28. Zinaingia namba za kurasa nne au tano bila kubanana.

Ukiifuata njia hii kama ilivyo, wiki ya tatu utaona kioja. Herufi U imefurika na K na M zinafuata, huku nusu ya vyumba vingine ni vitupu. Bila shaka: upweke, uzee, urafiki, ukweli, uongo, usaliti, umaskini, vyote U. Ngeli zetu ndizo zinazoanza maneno, si mizizi. Dawa ni kuvua kiambishi kwanza kisha kuweka mzizi. Upweke ni pweke, kwa hiyo P-e. Uzee ni zee, Z-e. Urafiki ni rafiki, R-a. Uongo ukivua U unabaki ongo, O-o. Ndoa irudishe kwenye oa, O-a. Msamaha, S-a. Malezi yanatokana na kulea, L-e. Kifo ni mtihani kidogo: F-o ukifuata jina, F-a ukifuata kitenzi. Chagua kimoja, kiandike ndani ya jalada ili usijisahau, usirudi nyuma. Mapenzi, kwa penda, yanaangukia P-e, chumba kimoja na upweke. Locke hakulikusudia hilo, lakini acheni yakae pamoja.

Jambo la mwisho kuhusu daftari ni la siku ya mazungumzo yenyewe. Dakika kumi kabla ya simu, funga kitabu, usiangalie ulichoandika, na kwenye ukurasa mpya andika mistari mitano ya yale unayoyakumbuka. Kisha ndipo ufungue daftari. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwa nini hili lina faida: wanafunzi waliorudia kusoma andiko walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojijaribu kulikumbuka bila kulitazama walikuwa na asilimia 56 dhidi ya 42 za wenzao. Zaidi ya kumbukumbu, mistari hiyo mitano inakwambia ni nini kilichokugusa kweli. Mara nyingi hailingani na nukuu ulizozipigia mstari, na tofauti hiyo ni mwanzo mzuri wa kikao.

Siku ya kuzungumza

Siku iwe ile ile, na saa ile ile, kila wiki, na isiahirishwe kwa sababu mmoja hajamaliza kurasa. Hii ndiyo kanuni ngumu kuliko zote, na ndiyo inayobeba mpango. Asiyemaliza anakuja hivyohivyo, anasema mwanzoni kwamba ameishia wapi, na mazungumzo yanabaki nyuma ya hapo. Mkianza kuahirisha kwa ajili ya kurasa, kitabu kimeshakuwa bwana na nyinyi watumwa. Kuahirisha mara mbili mfululizo kwa kawaida huwa ni mwisho, ila hakuna anayeutangaza.

"Umekionaje?" ni swali bovu. Jibu lake ni "kizuri", na baada ya "kizuri" mmeshamaliza. Uliza swali lenye mahali pa kushika: Ulisimama wapi ukaweka kitabu chini? Kati ya hawa watu, ni nani ungemkopesha pesa? Ni nani anasema uongo lakini unamwelewa? Yule mama alipokaa kimya, ungekuwa wewe ungesema? Angalia yanavyokwenda: la kwanza ni la kitabu, la mwisho ni la mtu aliye upande wa pili wa simu. Mpangilio huo una maana. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu wasiojuana waliulizana maswali 36 kwa kama dakika 45, mafungu matatu ya maswali 12, kila fungu likizama kuliko lililotangulia. Walijisikia karibu zaidi kuliko waliopewa maswali ya kupiga soga. Watu wameyakariri maswali hayo kama hirizi. Mimi naona uzito uko kwenye ngazi na zamu: unaanza juu juu, unashuka pole, na kila anayeuliza naye anajibu. Anayeuliza tu bila kujibu ni mhoji, na anayehojiwa hufunga mlango.

Kwa hiyo dakika 45 zigawanyike hivi, bila ukali wa saa: 5 za salamu na mambo ya nyumbani, 25 za kitabu, 15 za kule kitabu kilikowapeleka. Salamu zikipita robo saa, ripoti imerudi, na mmoja awe na ruhusa ya kusema "haya, tuingie kitabuni". Mkifika kwenye zile 15 na mwenzako akasema jambo zito, kitabu kifungwe. Usilirudishe kwenye sura ya nne. Hapo kitabu kimeshafanya kazi yake.

Katikati ya wiki tumianeni ujumbe wa sauti kama mnataka, lakini kwa adabu mbili. Sekunde za kwanza zitaje ulipofika, kabla ya maoni yoyote: "Nimemaliza sura ya sita." Ambaye hajafika anazima na kuuhifadhi. Na usizidi dakika tatu. Ujumbe wa dakika kumi na moja ni mzigo. Mwenzako atauahirisha hadi apate nafasi, nafasi haipatikani, kisha anaona haya kuandika chochote kabla hajausikiliza. Hivyo ndivyo ukimya wa wiki mbili unavyozaliwa na upendo mwingi.

Wanaoishi nyumba moja wana shida tofauti. Wao hawakosi muda, wanakosa mpaka. Kitabu kinazungumzwa juu juu jikoni, kitandani, mlangoni, na siku ya mazungumzo inakuta kimeshaisha ladha. Wanandoa wanaosoma pamoja wasikitaje hadi siku yao, kisha wakae mahali ambapo hawalipii bili wala kupanga ratiba za watoto. Nakala ziwe mbili, au ikiwa moja, alamisho ziwe mbili za rangi tofauti na kila mmoja awe na zamu yake ya siku. Penseli kwenye nakala ya pamoja ni jambo la kuombana ruhusa: mstari wa mwenzako unakusomea kabla hujasoma.

Kitabu kikigoma? Wekeni kituo ukurasa wa 50. Hapo kila mmoja anasema tuendelee au tuache, na "tuache" ya mmoja inatosha, bila kura wala utetezi. Mwenye kukipenda atamalizia peke yake. Kumburuza mtu kurasa 190 alizozichoka kunamfundisha kwamba Jumapili jioni, au siku yoyote mliyoichagua, ni ya wajibu, na atatafuta sababu za kutokuwepo.

Kikiisha, msirukie kingine kesho yake. Pumzikeni wiki moja, lakini saa ile ile ya simu ibaki, mara hii bila kitabu; ndipo mtajua kama "salama tu" imerudi au imekwenda. Wiki hiyo kila mmoja ampigie mwenzake picha ya ukurasa wa faharasa, ule wenye vyumba 120. Piga mchana karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba na karatasi, maana ikiinama mistari ya pembeni inafifia na namba za penseli hazisomeki. Weka picha mbili kando kwa kando. Utaona chumba ambacho kwako hakina kitu na kwake kimejaa namba hadi zimebanana pembeni. Usimwambie umeona nini. Muulize ni mzizi wa neno gani.